Mlango wa Pili

4 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Najua barua ya adabu huanza kwa salamu ndefu, lakini nimerudi kazini miguu imenivimba, kwa hiyo nitalalamika kwanza, salamu zitafuata nyuma. Ningekupigia simu, ila mara ya mwisho nilikuuliza umeamkaje ukanijibu bei ya vitunguu. Zile mashine za kufulia za hospitali zimekuachia masikio ya kutundikia hereni tu. Basi tuandikiane kama watu wa zamani.

Kazi yangu imebadilika. Idara imepewa mradi wa viwanja na bustani za mitaani, na safari hii tumeambiwa tusijijengee tu vile tunavyotaka sisi. Vijana wa mtaa wenyewe ndio waseme wanataka nini, wachore, wachimbe, wapande, wapake rangi. Na mimi ndiye niliyepewa cheo cha kuwashirikisha. Maana yake nazunguka mji hadi mji na makaratasi makubwa, kalamu za rangi na maboksi ya biskuti, nikiwaomba watoto wa watu wanieleze ndoto zao, nao wananitazama kama muuza dawa ya panya. Biskuti wanakula. Ndoto hawatoi.

Mkurugenzi wangu yeye anataka picha. Nikirudi tu: "Umepiga picha? Walitabasamu?" Siku nyingine natamani nimpigie picha miguu yangu.

Kaka bado yuko melini? Tangu aondoke hajaniandikia hata neno moja, na mimi ndiye niliyelala naye chumba kimoja miaka yote tukigombania shuka. Ukimpata mwambie nimenuna.

Nina jambo la kukufurahisha, ila halijaiva. Likiiva utakuwa wa kwanza kujua.

Mwanao,
Maswali

*

19 Februari

Maswali mwanangu,

Marahaba. Loweka hiyo miguu kwenye maji ya chumvi, na uache viatu vya kuchuchumia. Hao vijana hawaangalii viatu vyako.

Hapa hali ni ile ile. Ngazi zinazidi kuwa ndefu, sijui nani anaziongeza. Lakini kuna balaa jipya limetuingilia. Unaukumbuka uwanja wa mbele ya dirisha la jikoni, wenye ukuta pande zote na tangi bovu la maji kwenye kona? Wiki iliyopita walikuja vijana wawili wa serikali na kamba ya kupimia. Nikashuka.

Nikamuuliza mmoja, "Mnapima nini?"

Akasema, "Mama, tunatengeneza pawe mahali pa vijana. Viti, kivuli, taa nzuri. Watakuwa wanakuja kukaa hapa."

"Nani kawaomba?"

"Serikali inawajali vijana, mama."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Yule kijana akanipigapiga mgongoni, akidhani nimefurahi.

Nimechana karatasi ya daftari, nimeandika kwamba sisi wakazi hatutaki vijana wakusanywe mbele ya nyumba zetu, nimepanda na kushuka ngazi zote na haya magoti yangu, mlango kwa mlango, mpaka saini zimejaa mbele na nyuma. Wengine walitia saini ili niondoke tu mlangoni. Sijali. Nimeipeleka posta, iende huko huko makao makuu, kwa wakubwa wenu. Kama unamjua anayeshughulika na huo upuuzi, mwambie kuna mzee huku hajalala.

Kaka yako hajambo. Melini hakuna nafasi ya kuandika.

Shangazi yako

*

2 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Kaa kitini kwanza.

Jana karani wa masjala aliniletea bahasha akisema, "Dada, hii ni ya mradi wako, kuna mtaa umechachamaa." Nilitambua mwandiko kabla sijafika kwenye saini. Ile T yako inayosimama kama kibanio cha nguo kwenye kamba. Shangazi, anayeshughulika na huo upuuzi ni mimi. Ule uwanja niliuchagua mimi. Lile jambo la kukufurahisha ndilo hilo.

Nilipambana wautie kwenye orodha. Walisema ni mdogo, hauna jina, hauonekani barabarani hivyo hautatoa picha. Nikasema pale ndipo nilipojifunza kuendesha baiskeli, na kuna watoto wengi wasio na pa kwenda. Nilishapiga hesabu kichwani utakavyokaa kwenye benchi jioni ukichambua mchele badala ya kujifungia jikoni.

Mkurugenzi akaisoma karatasi yako mbele yangu. "Huyu bibi mkorofi ni nani? Si ndiko kwenu huko, unamjua?" Nikasema simjui. Nimekukana mchana kweupe, Shangazi, na chakula cha mchana hakikushuka.

Lakini nieleze. Wewe uliyetulea, uliyekuwa ukiwagawia maandazi watoto wa ngazi nzima, leo vijana wamekukosea nini? Kelele? Wewe husikii hata kengele ya mlango! Wakikaa barazani mnasema wazururaji, wakitafutiwa mahali mnasema wasikusanywe. Sasa waende wapi?

Kikao cha kwanza na vijana ni Jumamosi ijayo, ukumbi wa shule. Njoo. Uwaone tu.

Maswali

*

11 Machi

Maswali,

Barua yako nimeisoma.

Sitakuja. Si kwa sababu ya kelele. Hukunielewa, na mimi kwa sasa sina nguvu ya kukuelewesha. Kuna mambo ukiyafungua mdomoni yanakuja na meno.

Kunikana si kitu, hata mimi ningejikana. Ila chagueni uwanja mwingine. Nakuomba kama mtu aliyekupiga mswaki meno ya utotoni.

Kula.

Shangazi yako

*

30 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Sijui kama bado unanijibu, lakini naandika kwa sababu hakuna mwingine wa kumwandikia mambo ya uwanja wetu anayejua lile tangi liko kona ipi.

Nilikuja mjini, nikafanya kikao, nikaondoka na basi la jioni bila kupanda kwako. Niliona pazia la jikoni limefungwa nikajua ni jibu.

Vijana walikuja, nusu yao wakiwa wamefuata biskuti. Tuliwabandikia ukutani mchoro mkubwa wa uwanja, tukawapa vibandiko vya rangi wabandike kwenye picha za vitu wanavyovitaka: benchi, taa, bembea, bomba la maji, miti, goli la mpira. Wakasimama tu. Kuna msichana mmoja, fundi baiskeli, kucha zimejaa grisi, wenzake wanamwita Spana. Yeye hakubandika kitu. Alichukua kalamu nyekundu, akaenda kwenye mchoro, upande wa nyuma kabisa kule kwenye tangi, akachora mstari mfupi ukutani.

Nikamuuliza, "Hiki ni nini?"

"Mlango."

"Mlango si upo, huu hapa mbele?"

"Huo ni mmoja, dada. Sisi tunataka wa pili."

Mchoraji wetu akacheka. Akaanza kuwaeleza kwa upole, kama anaeleza chekechea, kwamba uwanja mdogo hauhitaji milango miwili, kwamba kule nyuma ni uchochoro tu hauelekei popote, kwamba kwa ukuta huo tungeweza kuwachorea picha nzuri ya rangi. Spana akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sawa. Andika mlango."

Na wote wakafuata, Shangazi. Mmoja mmoja wakatoa vibandiko vyao na kuvibandika juu ya ule mstari mwekundu, vikapandana mpaka vikawa kama kidonda. Benchi haikupata hata kimoja. Niliwauliza kwa nini, wakaangalia chini. Nikasema labda ni njia ya mkato kwenda dukani. Mtu mmoja nyuma akacheka, lakini si kicheko cha furaha.

Nimeandika ripoti. Mkurugenzi amekata mlango kwa wino, ameandika pembeni: "Hawakuelewa swali."

Labda ni mimi nisiyeelewa swali. Nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauisaidii. Nikilala naamka nimechoka zaidi, kama niliyekesha nikibeba kitu.

Maswali

*

12 Aprili

Mwanangu,

Nimeandika barua hii mara kadhaa na kuichana. Leo sitachana.

Huyo msichana, Spana, alikuja hapa kwangu siku mbili baada ya kikao chenu. Aligonga kwa teke maana kengele sikuisikia. Nikamfungulia, akasema kwa sauti ya kutosha mtaa mzima, "Bibi, wanasema wewe ndiye uliyepinga uwanja."

Nikasema, "Ndiye."

"Kwa sababu ya mlango?"

Nikamwangalia. Nikasema, "Ingia."

Alikunywa chai akiwa amesimama dirishani, anauangalia ule uwanja. Nikamuuliza, "Na wewe walikuchukua?" Akasema, "Mdogo wangu." Basi. Alikunywa chai ikaisha, akakaza bawaba ya kabati langu iliyokuwa imelegea, akaondoka.

Sasa nikuambie wewe. Kaka yako hayuko melini. Hajawahi kupanda meli, na mimi ndiye niliyeitunga hiyo meli kwa kuwa ulikuwa na mitihani chuoni na sikutaka ufeli kwa ajili yetu. Halafu mitihani ikaisha na meli ikawa imeshang'oa nanga, sikujua nitairudishaje.

Ilikuwa jioni, naunga mchuzi. Kaka yako alikuwa ametoka zamu kule kiwanda cha mikate, bado ana unga kwenye nywele. Alipita uwanjani akakaa na wenzake pale ukutani, kama kila siku. Walikuwa wakimcheka mtu fulani, nilikuwa naona mabega yao yanavyoruka. Mara lori la askari likaja. Halikuingia. Liliegeshwa kiubavu pale mlangoni, likaziba kama kizibo kwenye chupa. Ndipo wakashuka.

Watoto wakatawanyika, lakini watatawanyika waende wapi? Ukuta huku, ukuta kule. Walizunguka humo ndani kama kuku. Mmoja alijaribu kuruka kule kwenye tangi akaanguka akavunjika mguu. Kaka yako hakukimbia. Nilimwona kwa macho yangu anatoa kitambulisho cha kazi, anakiinua juu ili wakione. Mimi nilikuwa na mwiko mkononi. Nilipofika chini, na magoti haya, lori lilishaondoka na kitambulisho kiko chini kwenye vumbi.

Uzururaji, walisema. Nilikwenda kituoni, nikakaa kwenye benchi lao siku baada ya siku. Leo njoo kesho, kesho njoo keshokutwa. Mvua zikaja zikaisha. Alipotoka alikuwa hana kazi, na alikuwa mtu mwingine. Alikula amesimama. Mlango wa chumba akilala anauacha wazi. Na kila akitoka nje alizunguka nyuma ya majengo yote ili asipite mbele ya uwanja. Siku moja alizunguka, akaendelea kuzunguka, akaenda. Yuko mji wa mpakani, anapakia magunia kwenye bohari. Ananitumia ujumbe sikukuu kwa sikukuu: mzima, mama. Basi.

Sasa wewe unakuja na viti. Mwanangu, kila kiti mnachotaka kuweka pale, mimi naona mtu mmoja zaidi wa kupakiwa. Mnataka kuwakusanya watoto ndani ya ule mtego na kuwawashia taa nzuri ili waonekane vizuri. Ndiyo maana sikutaka.

Siwapingi tena. Ila mlango wa pili uje kwanza. Mkishindwa mlango, pandeni maua tupu yasiyo na pa kukalia, watu wapite waende zao.

Shangazi yako

*

3 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako niliisoma mezani kazini. Nikaenda chooni, nikafungulia bomba, nikakaa humo mpaka mfagizi akagonga kuuliza kama kuna mtu amezirai.

Sijui nianzie wapi. Nilimwandikia kaka kadi za kumtania, nikachora na meli. Nilikuwa nakupa wewe umtumie. Ulizifanya nini? Usinijibu.

Nilikwenda kwa Mkurugenzi. Nikamwambia mlango wa pili urudishwe kwenye mchoro, vijana wana sababu. "Sababu gani?" Nikanyamaza, maana sababu ni yako na hukunipa ruhusa. Akasema, "Nitakwambia mimi. Mlango wa nyuma ni wa wahuni kutorokea. Tukiweka, polisi wenyewe watatushangaa." Nikasema, tumewauliza vijana wanataka kitu gani, wamesema kitu kimoja tu, na hicho ndicho tulichokikata, sasa tumewashirikisha kwenye nini, kwenye biskuti? Nilipaza sauti. Mchoraji alikuwa mlangoni akasikia yote.

Kuanzia wiki ijayo niko dawati la vibali vya mabango. Nagonga mihuri. Mradi wamepewa watu wengine, na mkutano wa wakazi wote wa kupitisha mchoro utafanywa na Mkurugenzi mwenyewe, tarehe kumi na saba, ukumbi ule ule. Mimi siruhusiwi hata kusafiri.

Sikuombi kitu, Shangazi. Ulishasema ya kutosha kwenye karatasi. Nakuambia tu tarehe.

Mwanao

*

20 Mei

Maswali mwanangu,

Kadi zako ziko kwenye sanduku, pamoja na shuka mlilokuwa mkigombania. Umeniambia nisijibu, nimejibu.

Nilikwenda. Spana alikuja kunichukua, akanishika mkono kwenye ngazi kama vile anashika baiskeli ya mtu, kwa uangalifu wa kuogopa kulipa. Nilikaa mbele ili nisome midomo. Mkurugenzi wako ana midomo myembamba, haisomeki. Mwanzo nilidhani anaongelea mazishi, kumbe ni mazingira.

Akaonyesha mchoro wake. Viti, taa, ukuta wa nyuma umechorwa vipepeo. Akauliza kama kuna swali. Vijana wote kimya, wameinamisha vichwa, maana askari wa mtaa alikuwa amesimama pale kwenye kona kulinda mkutano. Hata Spana alikuwa anachokonoa kucha. Nikaelewa kwa nini hawakukueleza wewe. Mtoto atasemaje neno kama hilo mbele ya watu, ili kesho yake afuatwe nyumbani? Mimi watanifuata wapi? Ngazi zenyewe zitawashinda.

Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa maneno ya heshima, yakayeyuka yote. Nikasema, "Mimi ndiye bibi mkorofi."

Watu wakacheka. Nikasubiri wamalize, nikiangalia midomo.

Nikasema, "Mwanangu alichukuliwa kwenye uwanja huo akitoka kazini. Walimziba kwa lori. Nyinyi majirani mliona, na mimi niliwaambia kwamba amepata kazi melini, nanyi mkakubali, mkaniuliza hata habari za bahari. Nawashukuru. Sasa nasema mbele yenu, hakuna meli. Hawa watoto wanataka mlango wa pili ili wakikaa wakae kama watu, wasikae kama panya. Ni hilo tu. Vipepeo vichoreni kwingine."

Sikusikia kitu, kwa hiyo sijui kama kulikuwa na kelele au ukimya. Niligeuka kuangalia nyuso. Mama wa ghorofa ya tatu, yule tuliyenuniana kwa ajili ya kamba ya nguo, alikuwa amesimama. Midomo yake nilisoma bila shida: "Na wangu." Halafu baba mmoja nyuma, mfanyakazi wa reli, akasimama. Halafu wengine. Mkurugenzi wako akakunja mchoro. Spana ananiambia alisema, "Tutaliangalia." Najua maana ya hilo, nimefanya kazi serikalini maisha yangu yote.

Nilirudi nikalala na viatu. Nimechoka, mwanangu, mpaka kwenye mizizi ya nywele. Lakini ile meli nimeitua. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani.

Shangazi yako

*

28 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo, na nakubusu hiyo mikono.

Siku nzima nagonga mihuri. Tangazo la sabuni, pap. Tangazo la benki, pap. Mkono wa kulia umekuwa mnene kuliko wa kushoto. Lakini sikiliza.

Juzi mchoraji, yule aliyecheka, alinijia dawatini akasimama kama mtu aliyekuja kukopa. Akasema alikuwepo kwenye mkutano wenu, kwenye kiti cha nyuma, na kwamba tangu siku hiyo hajaweza kula chakula mbele ya mtoto wake wa kiume bila kumwangalia sana. Kisha akasema, "Nimeurudisha mlango. Ila nimeuandika mlango wa gari la wagonjwa. Kanuni inasema eneo la umma lazima liwe na njia ya dharura. Mkurugenzi amepitisha bila kusoma, anaogopa kanuni kuliko anavyoogopa wahuni."

Nikamuuliza, "Gari la wagonjwa litapita kwenye uchochoro ule?"

Akasema, "Hata toroli haliwezi. Lakini kwenye karatasi linapita."

Kwa hiyo mwezi ujao wanaanza, na vijana watalipwa ujira wa kuchimba. Mimi sitakuwepo. Nimeomba nirudishwe kwenye mradi, wamesema watanijibu. Sina hasira tena, nguvu za hasira zimeniishia. Kitu kimoja tu kinanisumbua: kaka anajua kwamba ulisema mbele ya watu? Yeye ndiye mwenye hiyo habari. Asije akaisikia kwa mtu mwingine.

Maswali

*

25 Septemba

Mwanangu,

Nimekawia kujibu. Mkono ulikuwa unauma, na pia nilitaka kuwa na jambo lililokwisha, nisikuletee vipande.

Uwanja umekamilika, kwa kadiri vitu vyetu vinavyokamilika. Taa moja haiwaki. Nyasi zimeota upande mmoja tu, kama kichwa cha mzee. Mkurugenzi alikuja akakata utepe, akapigwa picha na watoto wadogo waliooshwa nyuso, akaondoka. Vijana ndio waliochimba, wamevunja lile tangi, wamejenga viti kwa matofali yake. Mlango wa gari la wagonjwa Spana aliupima yeye mwenyewe kwa mabega: watu wawili sambamba, wakikimbia.

Sikushuka siku ya utepe. Nilishuka siku moja baadaye, jioni, na beseni langu la mchele, maana ulinisimanga kwenye barua kwamba nitachambulia pale. Nikakaa. Vijana walikuwa wengi, wengine kwenye viti, wengine chini. Wakanisalimia, nikaitikia salamu hata za wale ambao hawakunisalimia, sijui nani kasema nini.

Basi askari wakaja. Hawakuwa na lori, walikuwa wawili kwa miguu. Wakaingia kwa mlango wa mbele, polepole, mikono nyuma. Niliona watoto wanavyokauka. Spana alikuwa karibu na mlango wa pili, akauangalia, akaniangalia mimi. Njia ilikuwa wazi. Hakuna aliyekimbia, Maswali. Nadhani ukijua unaweza kuondoka, miguu inatulia.

Askari mkubwa akanijia. Akainama ili nimsikie, jambo ambalo lilinishangaza. "Mama, hawa ni wako?"

Nikasema, "Wangu."

"Wote?"

"Wote."

Akawaangalia, mmoja mmoja, na urefu wao na ndevu zao. "Mama, hawa ni wengi."

Nikasema, "Nilizaa sana."

Mwenzake akacheka, akajifanya anakohoa. Yule mkubwa akachota mchele wangu kiganjani, akatoa jiwe, akaurudisha. Kisha wakaondoka. Sisemi nimewashinda. Watarudi, labda na lori, labda na mwingine asiyeinama. Na nilipotaka kusimama miguu ilikataa kabisa, Spana na mwenzake wakanipandisha ngazi wamenibeba mzobemzobe, beseni linanifuata nyuma. Kesho yake sikutoka kitandani.

Uliniuliza habari za kaka yako. Nilikuwa nimeshamwandikia tangu mwezi wa saba, nikamwambia nimesema, na kwamba akitaka kunichukia anaruhusiwa. Hakujibu. Baada ya hao askari nikamwandikia tena, nikamsimulia hivi hivi nilivyokusimulia wewe. Jana nimepata barua. Mistari miwili, mwandiko umeharibika kama wa mtu aliyesahau kalamu.

"Mama, umesema wote ni wako. Na mimi ulinihesabu?"

Nilikaa nayo jikoni mpaka chai ikapoa. Halafu nikaandika jibu, nikashuka ngazi mwenyewe, nikalitia kwenye sanduku la posta kabla sijapata akili ya kulipamba. Nimemwandikia maneno mawili tu: njoo uhesabiwe.

Shangazi yako